Kuwinda kuna majira: soma kalenda mbele ya kuchukua bunduki



Kila mwaka, majani yanapoanza kukauka na njia za udongo kuwa ngumu tena, barua za kuomba konji huongezeka ofisini. Wengine wanakwenda kuona wazee kijijini. Wengine wanakwenda kujenga nyumba. Na wengine, tunawajua, wanakwenda kuwinda. Huyu ana kalibre 12 ya baba yake, yule ana bunduki ya baruti iliyofuliwa na fundi wa kijiji, na mwingine hana bunduki, ana mbwa watatu na mkuki. Si jambo baya. Nyama ya pori ni chakula cha wazee wetu, na mtu aliyefanya kazi mwaka mzima ndani ya vumbi la mgodi ana haki ya kupumua hewa safi.

Lakini utauliza: majira ya kuwinda yanaingia namna gani katika ukurasa wa usalama na afya? Hiyo si kazi ya walinzi wa pori na polisi? Ngoja kidogo. Dispanseri inaona jambo ambalo polisi hawalioni.

Mtu analetwa usiku, siku ya tatu au ya nne baada ya kuumia. Mguu umevimba, unanuka. Tunamuuliza: umepatwa na nini? Anajibu: nilianguka na kinga. Tunaosha kidonda, na ndani yake tunatoa chembe za risasi. Kinga haina risasi. Mtu huyo hakuchelewa kwa sababu njia ni ndefu. Alichelewa kwa sababu aliwinda wakati pori limefungwa, bila karatasi, na aliogopa kuulizwa. Mwenzake aliyekwenda wakati pori limefunguliwa, permi mfukoni, akipata kidonda kile kile, rafiki zake wanasimamisha gari la kwanza njiani na siku ile ile yuko mbele yetu. Wa pili tunamtuma nyumbani na bandeji. Wa kwanza, mara nyingine, tunamtuma kwa mganga wa kupasua, na anarudi na mguu mmoja.

Kwa hiyo tuzungumze juu ya majira.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya kuwinda ya nchi yetu ni ile ya tarehe 28 Mei 1982. Iliandikwa wakati wa Zaire, na jina la nchi lilipogeuka mwaka 1997 sheria haikuondoka pamoja na jina. Mwaka 2004 wizara ya Mazingira ilitoa maagizo ya kuitimiza, na mwaka 2014 ikaja sheria nyingine juu ya ulinzi wa viumbe vya asili. Mtu anayekuambia kwamba sheria hizo zilikufa pamoja na Zaire anakudanganya, na siku utakapokamatwa hatakuja kukulipia faini.

Ndani ya sheria hizo kuna wakati wa kufungua na wakati wa kufunga. Wakati wa kufunga, hakuna kuwinda, hata kama permi yako ni halali na bunduki yako ina karatasi. Tangazo linatoka kwa serikali ya jimbo. Hapa wengi wanakosea. Tangu mwaka 2015 Katanga ya zamani ni majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Wewe unafanya kazi Kolwezi, kijiji chako kiko upande wa Bukama: usifuate tangazo la Lualaba, fuata la Haut-Lomami, kwa maana ni huko utakakopiga risasi.

Sitaandika tarehe hapa. Gazeti hili linakaa miaka katika nyumba, wengine wanalifungia vitabu vya watoto, na nisingependa mtu aonyeshe mlinzi wa pori ukurasa wangu uliochakaa na kusema: lakini dispanseri imeandika. Tangazo la mwaka jana si la mwaka huu. Nenda, au mtume ndugu yako, kwenye ofisi ya Mazingira ya teritware unakotaka kuwinda, na uombe kusoma tangazo lenyewe. Usitosheke na mtu wa mlangoni anayejibu «imefunguliwa» huku mkono wake ukingoja kitu.

KWA NINI WANAFUNGA

Wazee wetu hawakuwa na ofisi ya Mazingira, lakini nao walikuwa na majira. Mwenye udongo alisema: sasa tuache, nyama zina mimba. Nani alimbishia?

Hapa kwetu mvua inaanza Oktoba au Novemba na inakwisha karibu na Aprili. Angalia kinachotokea porini katika miezi hiyo. Ngiri anazaa mvua inapoanza, watoto wake wako shimoni wakingoja maziwa. Mbogo wengi wanazaa wakati majani mabichi yamejaa. Kanga anataga chini, ndani ya majani marefu. Ukimpiga ngiri jike mwezi huo unapeleka nyama moja nyumbani na unaacha nyingine tatu au nne zife kwa njaa shimoni, nyama ambazo mwaka ujao zingekuwa zako. Ni hesabu ya mtu anayechoma mbegu zake kupika bukari.

Kwa samaki ni vivyo hivyo. Wale wa Pweto na Kilwa wanajua kwamba ng'ambo ya ziwa Mweru, kwa majirani wetu wa Zambia, uvuvi unafungwa tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazae.

Sasa tuache nyama, tuangalie mwindaji. Miezi ya mvua ni miezi mibaya kwake pia. Majani yanapita kichwa cha mtu. Huoni mwenzako aliye hatua kumi mbele yako, unaona majani yakitikisika tu. Mito midogo uliyovuka kwa miguu Agosti inakufika kifuani Januari. Mbu wamejaa. Na ukiumia, gari linalokuja kukuchukua linazama katika matope kilomita ishirini kabla ya kukufikia. Mtu asiyejali kabisa watoto wa ngiri ana sababu ya kutosha ya kubaki kambini wakati wa mvua.

ANZA NA KARATASI, KISHA KONJI

Wengi wanafanya kinyume. Wanaomba konji, wanapata siku zao, wanapanda lori, na wakiwa kijijini ndipo wanauliza juu ya permi. Siku zinakwisha, permi haijatoka, na aibu ya kurudi mikono mitupu inawasukuma kuingia porini hivyo hivyo. Kalenda ilipangwa vibaya toka mwanzo, na hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa.

Fuata njia hii. Kwanza jua tangazo la jimbo: wakati gani pori limefunguliwa. Pili tafuta karatasi zako, miezi mbele. Tatu ndipo umwendee shefu wako wa kazi na kuomba konji katika siku hizo. Shefu naye ana kazi ya kupanga; ukimwambia mapema atapata mtu wa kushika nafasi yako, ukimwambia juma moja mbele atakataa, na atakuwa na haki.

Karatasi ni mbili, na moja haibadili nyingine. Kuna karatasi ya bunduki, inayosema kwamba silaha hii ni yako na unaweza kuishika. Na kuna permi ya kuwinda. Permi zenyewe ni za namna nyingi: ya mtu anayewinda kwa michezo, nyama ndogo au nyama kubwa, ya kijijini, kwa mwananchi anayetafuta chakula, na ya pamoja, kwa watu wa kijiji kimoja wanaowinda pamoja. Kila moja ina mahali pake na nyama zake. Soma yako, neno kwa neno. Kama hujui Kifaransa vizuri, mpe mtoto wako wa sekondari akusomee, hakuna haya. Utaona nyama gani unaruhusiwa, ngapi, na wapi. Permi haikopeshwi: shemeji yako hawezi kuwinda na jina lako.

Kuna nyama nyingine ambazo usizihesabu hata kidogo katika mipango yako. Tembo ni mmoja. Mwingine ni kakakuona. Watu wanaleta magamba yake kwa bei kubwa, na wafanyakazi wengine wanafikiri ni kitu kidogo kwa sababu mnyama mwenyewe ni mdogo. Mwaka 2016 nchi za dunia zilizoweka sahihi katika mkataba wa biashara ya viumbe wa pori, na nchi yetu imo tangu 1976, zilikubaliana kukataza biashara ya kakakuona wote kati ya nchi na nchi. Mtu anayekuambia umtafutie magamba anatafuta mtu wa kwenda gerezani badala yake.

Na kuna mahali ambapo kalenda haina kazi, kwa kuwa hapafunguliwi siku yoyote. Upemba ni parki ya taifa tangu 1939, Kundelungu tangu 1970. Huko kuwinda ni marufuku mwezi wa tano kama mwezi wa kumi na mbili. Usiseme hukuona mpaka. Mbele ya kwenda, uliza wenyeji mpaka unapita mto gani, kilima gani. Fikiri pia hivi: walinzi wa parki wameshambuliwa mara nyingi na watu wenye silaha, na wengine wamekufa kazini. Mlinzi anayekutana na mtu mwenye bunduki ndani ya parki usiku hajui kwamba wewe ni fundi wa umeme kutoka kambini, baba wa watoto watano. Anaona bunduki tu.

Ukifika kijijini, nenda kwa shefu na kwa mwenye udongo, ujionyeshe. Si adabu tu. Wao wanajua mashimo ya kutegea yako wapi, njia gani ina mamba, na nani mwingine yuko porini siku hiyo. Watu wakisikia risasi watajua ni zako, na usiporudi jioni watajua upande wa kukutafuta. Katika sehemu za Pweto, Mitwaba na Manono uliza tena jambo moja: kama kuna vyuma vya vita vilivyobaki. Vita vya 1998 mpaka 2003 vilipita huko. Chuma usichokijua, usikiguse, usikipige teke, usikilete nyumbani kwa fundi. Weka alama mbali nacho na uwaambie wakubwa.

YULE ANAYEJIFICHA

Sasa turudi kwa mtu wetu wa kinga. Mtu anayewinda wakati umefungwa hawezi kuwinda kama mtu mwingine. Ni lazima ajifiche, na kila njia ya kujificha ina hatari yake.

Kwanza anakwenda usiku. Anachukua taa, na tusifichane, mara nyingi ni taa ya kofia ya mgodi. Macho ya mnyama yanawaka mbele ya taa. Lakini macho ya mbwa wa mwenzako yanawaka pia, na ya mbuzi wa kijiji, na vifungo vya shuka ya mtu anayetoka kwenda haja vinang'aa. Mkataba wa Afrika uliowekwa sahihi Algiers mwaka 1968, ambao nchi yetu imeukubali, ulikataza kuwinda usiku, kuwinda kwa moto, kwa sumu, kwa vyombo vya kulipuka, kwa gari, na kwa bunduki inayotoa risasi nyingi kwa mvuto mmoja. Soma orodha hiyo mara ya pili kwa macho ya mtu wa afya, siyo ya mlinzi. Utaona kwamba karibu kila kitu kinachomaliza nyama kinamaliza na watu.

Moto: upepo ukigeuka unawafunga wawindaji wenyewe, na wanaokimbia polepole wanaachwa. Sumu: nyama uliyoiua kwa sumu unaileta wapi? Kwenye sahani ya watoto wako. Vyombo vya kulipuka: tumeona katika mgodi namna vidole vinavyokwenda, sina haja ya kuongeza. Anayetoa detoneta moja tu stoo ili «kujaribu mtoni» anaiba, na anaweka maisha yake mkononi mwa kitu ambacho hata fundi wa kulipua hakishiki bila mafundisho.

Kisha kuna mitego ya waya. Waya za kebo zinatoka katika atelie zetu, tunajua. Mtego hauna macho. Unashika jike lenye mimba, unashika mtoto, unashika fisi, na mwenye mtego asiporudi kwa kuogopa walinzi, mnyama anaoza hapo hapo bila kumfaa mtu. Unashika pia mguu wa mama anayekwenda kutafuta kuni. Na mnyama mkubwa anayekata waya na kuondoka na kidonda, mbogo zaidi, ndiye anayeua mtu wa kwanza anayepita njiani, mtu ambaye hakutega kitu.

Neno moja juu ya bunduki za kufuliwa kijijini. Mrija wake mara nyingi ni bomba la maji au chuma cha usukani wa gari, kitu kisichotengenezwa kubeba nguvu ya baruti. Siku moja unapasuka, na unapasuka karibu na jicho. Wanaojaza baruti «kidogo zaidi» kwa kuwa wanataka kuua kwa risasi moja na kukimbia, ndio wanaokuja kwetu bila jicho.

UKIUMIA

Damu ikitoka kwa nguvu, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, kwa mkono wote, na usiache kila dakika ili kuangalia. Damu ya mkono au mguu isipokubali kusimama hata ukibonyeza, funga juu ya kidonda kwa kitambaa kipana, kaza mpaka damu isimame, andika saa, na mgonjwa aondoke mara moja. Usichimbe risasi kwa kisu. Usiweke udongo, wala baruti, wala majivu. Uliza juu ya sindano ya tetanosi hata kama kidonda ni kidogo.

Nyoka anayetuletea kazi nyingi ni kifutu, yule mfupi mnene anayelala njiani na hakimbii. Viatu virefu vinasaidia kuliko dawa yoyote. Akikuuma: keti, tulia, vua pete na saa, funga mguu kwa kijiti usisogee kama vile umevunjika, na ubebwe. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Jiwe jeusi linalouzwa sokoni halitoi sumu ya nyoka, linapoteza saa zako tu. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi, muda mrefu, kisha njoo.

Wenye mbwa: mbwa akikuuma, au mbweha akikuuma, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15. Dakika 15 ni ndefu, angalia saa. Kisha njoo kupata chanjo siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana ndani ya mtu, sisi hatuna tena la kufanya.

Na sema kweli. Mwuguzi anakuuliza ulikuwa wapi, saa ngapi, na kitu gani kilikuumiza, kwa sababu dawa inategemea majibu hayo. Haandiki prose. Watu wa afya wamefungwa na siri ya kazi, na sheria ya adhabu ya nchi yetu inamwadhibu anayeitoa, isipokuwa pale mahakama au sheria yenyewe inapomlazimisha kusema. Mgonjwa anayesema «nilianguka na kinga» anatutuma kutafuta mfupa uliovunjika wakati damu inamwagika ndani ya tumbo lake.

JUU YA NYAMA YENYEWE

Mama, sehemu hii ni yako. Nyama unayoletewa mlangoni wakati pori limefungwa, kwa bei ya chini, usiku, jiulize ilikufa namna gani. Anayeuza kwa kujificha hawezi kukuambia kama aliiua mwenyewe, au kama aliikuta imekufa mtegoni tangu siku tatu, au kama ni ya sumu. Na sheria haimwangalii mwuzaji peke yake, inamwangalia na mnunuzi.

Mnyama aliyekutwa amekufa asiguswe, asipasuliwe, hata kama anaonekana mnono. Kimeta kinakaa katika damu yake. Mwaka 2014, upande wa Boende katika Équateur, ugonjwa wa Ebola ulianza na mama aliyepasua nyama ya pori iliyoletwa nyumbani. Na mpox, ambayo kila mtu anaizungumza sasa, ilijulikana kwa mara ya kwanza ndani ya mtu katika nchi yetu, mwaka 1970, kwa mtoto wa Basankusu. Panya wa pori, kindi na nyani wanatajwa katika ugonjwa huo. Mwenye kidonda mkononi asipasue nyama. Watoto wasichezee ngozi na vichwa. Osha mikono na kisu kwa sabuni, pika mpaka hakuna damu tena karibu na mfupa. Nyama iliyokaushwa kwa moshi haijaiva: ipike tena.

SIKU YA KUONDOKA NA SIKU YA KURUDI

Mbele ya kuondoka, mwachie bibi yako karatasi moja: unakwenda kijiji gani, kwa shefu nani, pamoja na nani, unarudi lini. Mwambie: ikipita siku mbili, nenda kwa shefu wa kambi. Mtu anayewinda wakati umefungwa haachi karatasi hiyo, na hilo pekee limeua wengine ambao wangeweza kuokolewa. Chukua chandarua, sabuni, vitambaa safi, maji ya kuchemsha, dawa zako za kila siku kama una presha au sukari. Risasi zikae mbali na bunduki ndani ya gari. Pombe ibaki kijijini mpaka bunduki iwe imefungwa kwa siku hiyo.

Upange kurudi kambini siku moja kamili kabla ya kazi, si usiku wa kuamkia kazi. Mtu aliyetembea pori juma zima, akalala juu ya gunia la makaa ndani ya lori na kushuka saa kumi ya alfajiri, halafu saa kumi na mbili anapanda juu ya mashini ya kuchimba, ni hatari kwa wote wanaofanya kazi chini yake. Shefu wa ekipe ana haki ya kumrudisha nyumbani.

Na ukipata homa baada ya kurudi, hata kama ni majuma mengi baadaye, usinywe tu dawa ya malaria uliyonunua sokoni. Njoo upimwe damu, na useme: nilikuwa porini. Mbung'o, wale nzi wanaouma mchana karibu na mito na miti, wanaleta malale. Homa inakuja na kuondoka, kichwa kinauma, tezi za shingo zinavimba, kisha mtu anasinzia mchana na kukesha usiku, na watu wa nyumba wanasema amerogwa. Zamani dawa zake zilikuwa sindano kali sana. Tangu 2020 nchi yetu ina vidonge vinavyoitwa fexinidazole, vinavyonywewa pamoja na chakula kwa siku 10. Lakini mganga hawezi kuvitoa mbele ya kujua kwamba ni malale, na atajua upesi zaidi kama utamwambia ulilala pori gani, mwezi gani, karibu na mto gani.